Dodo Nyekundu Haiongezi Damu kwa Wekundu Wake, Ila Ipandwe Mbele ya Nyumba

Kabeza, upande wa Kanombe wilayani Kicukiro, si mbali na uwanja wa ndege wa Kigali, ardhi ya kulima imebaki vipande vipande: utepe wa udongo kati ya ukuta na mfereji, tuta la duara chini ya dirisha la jikoni, magunia mawili matatu yaliyojazwa udongo na kupangwa karibu na lango. Kipande hicho kimoja kinagombewa na wito wa aina mbili. Upo wito wa akarima k'igikoni, yaani bustani ndogo ya jikoni, ambao Wanyarwanda wamehimizwa kwa miaka mingi ili watoto wapate mboga. Upo pia wito wa jiji safi lenye kupendeza, sifa iliyoipatia Kigali tuzo ya shirika la makazi la Umoja wa Mataifa mwaka 2008. Kwa kawaida maua hushinda. Hupewa sehemu ya mbele yenye jua, mboga zikapelekwa nyuma kwenye kivuli cha ukuta, karibu na maji machafu, mahali ambapo hakuna mgeni anayepita wala mwenye nyumba anayekumbuka kumwagilia. Makala haya yanadai kwamba ugomvi huo hauna sababu, kwa kuwa ipo mboga inayostahili kukaa mbele: mchicha mwekundu. Sababu ya kuupanda, hata hivyo, siyo ile inayotajwa mara nyingi.

Kwanza jina. Mchicha wa kulimwa huitwa dodo hapa Rwanda (msomaji wa Dar es Salaam asidhani tunazungumzia embe), na ule unaojiotea huitwa imbwija. Waganda husema doodo, na aina yao yenye wekundu ni bbugga; ng'ambo ya Ziwa Kivu mboga hiyo ni lengalenga; Wakikuyu wanaijua kwa jina la terere. Jamii hii ina spishi nyingi. Baadhi asili yake ni bara la Amerika, ambako Waazteki walikula mbegu zake kama nafaka. Ule wa majani ya rangi mbili tatu, nyekundu, njano na kijani kwenye shina moja, ni wa Asia. Watunza bustani wa Ulaya huupanda uwe pambo tu, ilhali Bengali huliwa karibu kila nyumba na kuugeuza wali kuwa wa waridi kwenye sahani.

Sasa imani yenyewe. Kote Afrika Mashariki utasikia kwamba chakula chekundu huongeza damu, kwa hiyo mama aliyejifungua hupewa mchicha mwekundu au kiazi chekundu cha saladi. Ukiangalia kemia yake, hoja hiyo haisimami. Wekundu wa dodo unatokana na betasiyanini, rangi iliyo ndugu na ile ya kiazi chekundu, na ambayo imejengwa kwa kaboni, haidrojeni, oksijeni na naitrojeni. Madini ya chuma hayamo. Wekundu wa damu unatokana na chembe ya chuma iliyokaa katikati ya pete ya molekuli, na ukitafuta kwenye jani kitu kinachofanana na pete hiyo, utakikuta kwenye klorofili, ile rangi ya kijani, ambayo katikati yake imeshika magnesi. Kwa umbo, basi, kijani ndiyo jirani wa damu, japo nayo haigeuki kuwa damu ukiila. Ni kweli kwamba maabara zimeonyesha betasiyanini ikizuia uharibifu wa seli ndani ya vyombo vya majaribio, lakini sehemu ndogo tu hufika kwenye mkondo wa damu, na nyingine huharibiwa na moto kabla chakula hakijapakuliwa.

Kinacholisha mwili kimo ndani ya jani lolote la mchicha, jekundu au la kijani. Kwa takwimu za lishe za Wizara ya Kilimo ya Marekani, gramu 100 za majani mabichi zina takriban miligramu 2.3 za chuma, miligramu 215 za kalsiamu, miligramu 43 za vitamini C na maikrogramu 146 za vitamini A. Kabichi, ambayo ndiyo mboga ya haraka katika majiko mengi ya mjini, ina chuma kisichofika nusu miligramu, kalsiamu miligramu 40, na vitamini A maikrogramu 5 tu. Tofauti hiyo ina uzito katika nchi ambayo utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa 2019-20 ulikuta asilimia 33 ya watoto walio chini ya miaka mitano wamedumaa, na asilimia 37 ya wenye umri wa miezi 6 hadi 59 wana upungufu wa damu. Hata hivyo tusijidanganye upande wa pili. Mwanamke wa umri wa kuzaa anashauriwa kupata miligramu 18 za chuma kwa siku, mjamzito 27, na chuma cha mimea hufyonzwa kwa shida kuliko cha nyama. Upungufu wa damu huletwa pia na malaria na minyoo. Aliyepimwa akaonekana ana damu kidogo anahitaji tiba, na dodo ikae pembeni ya vidonge vyake, isichukue nafasi yavyo.

Kama wekundu haulishi, mtu atauliza, kwa nini tusipande ile ya kijani tukamaliza? Jibu langu ni kwamba rangi huipatia mboga makazi bora. Mmea mzuri hupandwa mahali unapoonekana, na panapoonekana mbele ya nyumba ndipo palipo na jua, ndipo macho hupita kila asubuhi, ndipo viwavi hugunduliwa jioni ya kwanza kabla hawajakunja majani na kujifunga ndani. Mchicha wenyewe ni mtoto wa jua. Kama mahindi na mtama, una namna ya kukamata hewa ya kaboni inayoufanya ukue upesi penye joto na mwanga mwingi huku ukitumia maji kwa uangalifu. Rangi nayo hukolea kwenye jua kali na kufifia kivulini, hivyo mwenye kuutaka uwe mwekundu analazimika kuupa kilekile kinachoupa majani mengi. Uzuri hapa unafanya kazi ya bwana shamba.

Kuupanda si kazi kubwa, ila mbegu zinahitaji adabu. Ni ndogo mno, nyeusi, zinazong'aa, na gramu moja ina mbegu zipatazo elfu mbili. Ukizimwaga kwa mkono mtupu zitaota kama manyoya, miche isongamane na kuoza shingo. Changanya kijiko kimoja cha chai cha mbegu na vikombe viwili vya mchanga mkavu, nyunyiza kwenye mistari, funika kwa udongo mwembamba usiozidi unene wa ukucha, kisha mwagilia kwa kopo lenye matundu madogo. Mwanzo wa mvua za Machi au za Septemba ni wakati mzuri. Juni hadi Agosti utahitaji ndoo kila jioni. Baada ya siku chache udongo hupata vumbi la waridi: hayo ni majani mawili ya kwanza, na tayari unaweza kutambua nani mwekundu na nani si mwekundu. Miche ikifika kimo cha kiganja, ng'oa mmoja uache mmoja. Ulioung'oa ni mboga ya siku hiyo.

Pingamizi la watunza maua lina nguvu kuliko yote: ukikata kilele ili ule, umekata pambo, maana rangi kali iko kwenye majani machanga ya juu. Ni kweli, na kwa mchicha wa rangi tatu ni kweli zaidi. Lakini jiografia ya Kigali inatuamulia sehemu ya mzozo. Jiji liko karibu nyuzi 2 kusini mwa ikweta, mchana wake ni wa saa kumi na mbili na dakika chache mwaka mzima, nao mchicha hukimbilia kuchanua siku zinapokuwa fupi. Ule unaosimama miezi mingi kwenye bustani za Ulaya wakati wa kiangazi, hapa huharakisha kutoa masuke, majani yakawa madogo na magumu. Kuukata kilele kila wiki mbili huuchelewesha na kuufanya utoe matawi, kichaka kikawa kipana na chekundu kuliko ungeuacha. Anayetaka yote mawili apange safu mbili: ya nyuma isiguswe, ya mbele ikatwe. Masuke yasikomae ovyo tu, kwani mmea mmoja waweza kuangusha mbegu zaidi ya laki moja, na jirani hatalisahau hilo.

Pingamizi la daktari ni oksaleti. Mchicha unayo nyingi. Hushika sehemu ya kalsiamu ile niliyoitaja na kuizuia isifyonzwe, na kwa mwenye historia ya mawe ya figo ni jambo la kuangalia. Dawa yake iko sufuriani: chemsha majani kwa dakika chache katika maji mengi, kisha mwaga maji hayo. Yatatoka mekundu kama juisi ya karkade, na atakayesikitika akidhani amemwaga damu akumbuke kilichosemwa juu. Anachopoteza kweli ni sehemu ya vitamini C na foleti, kwa hiyo moto usizidi, na nyanya au tone la limau liingie mwishoni ili kusaidia chuma kufyonzwa. Chai ingoje saa moja baada ya chakula. Unga wa karanga au mafuta ya mawese, ambayo jiko la Kinyarwanda halihitaji kufundishwa, ndiyo yanayobeba vitamini A hadi mwilini. Anayetumia vidonge vya warfarini azungumze na daktari wake kabla ya kuubadilisha ghafla ulaji wake wa mchicha, kwa sababu una vitamini K nyingi sana.

Udongo nao uchaguliwe. Mchicha ni mwepesi wa kunyonya kadimiamu na risasi, basi usipandwe palipomwagwa oili ya gari, chini ya ukuta unaobanduka rangi ya zamani, wala kwenye bonde linalopokea maji ya karakana. Gunia la udongo safi na samadi iliyooza linatosha.

Je, utepe huo unalisha nyumba? Tuta la mita mbili za mraba likitunzwa vizuri laweza kutoa kilo nne hadi sita katika wiki sita. Tukichukua tano, ni kama gramu 120 kwa siku kwa nyumba nzima, gramu 30 kwa kila mtu wakiwa wanne, wakati Shirika la Afya Duniani linashauri gramu 400 za mboga na matunda kwa mtu mmoja. Sokoni bado utakwenda. Lakini gramu 120 kwa siku ni sufuria mbili kwa wiki za mboga iliyokatwa dakika kumi kabla ya kupikwa, kutoka mahali ambapo palikuwa na nyasi za kutazamwa.

Kwa msimu unaofuata, acha mimea miwili iliyokolea rangi kuliko yote, subiri masuke yakauke, yafikiche juu ya ungo na kupeta. Kama kuna dodo ya kijani karibu, upepo utachanganya chavua na baadhi ya miche huenda ikatoka ya kijani. Hiyo ndiyo ya kung'oa kwanza wakati wa kupunguza, na kwenda moja kwa moja chunguni. Mlaji hatakuwa amepungukiwa na kitu.