Harufu ya Moshi Ndani ya Motokari

Siku moja tulikuwa tukisafiri kutoka Likasi kwenda Lubumbashi, mwendo wa kilomita 120 hivi. Motokari ilikuwa imejaa. Mifuko ya makala ilizidi nafasi, basi mlango wa nyuma ukaachwa wazi kidogo na kufungwa kwa kamba. Watoto watatu waliketi karibu nayo.

Hatukuenda mbali, tukasikia harufu ya moshi. Dereva alisema ni moshi wa malori yaliyotutangulia. Kisha mtoto mmoja akalia, «Mama, kichwa kinaniuma.» Mama yake alidhani ni malaria. Wa pili akatapika. Wa tatu alilala usingizi mzito, hata alipoitwa hakuitika upesi. Hapo mzee mmoja akasema kwa nguvu, «Baba dereva, simamisha! Huu si moshi wa njiani.»

Tuliwashusha watoto, tukawaketisha penye upepo. Baada ya kitambo yule aliyelala alifumbua macho, akaomba maji. Tukamshukuru Mungu, tukawapeleka wote kwa mganga. Fundi alipolala chini ya motokari aliona bomba la moshi limetobolewa na kutu.

Wasomaji wapenzi, moshi wa motokari una sumu iitwayo kaboni monoksidi. Sumu hiyo haina rangi wala harufu. Tunachonusa ni vitu vingine vinavyotoka pamoja nayo. Kwa hiyo hata harufu ikiwa hafifu, hatari yaweza kuwa kubwa. Mtaalamu Mfaransa Claude Bernard alionyesha katika miaka ya 1850 kwamba sumu hii huishika damu na kuizuia isichukue oksijeni. Nayo hushikamana na damu kwa nguvu kupita oksijeni zaidi ya mara 200. Katika migodi ya makaa ya mawe ya Uingereza, wachimbaji waliwachukua ndege wadogo shimoni ili wawaonye, desturi iliyodumu hadi mwaka 1986. Ndege alipoanguka, watu walikimbia.

Lakini moshi utokao nyuma huingiaje ndani? Motokari ikienda mbio huacha nyuma yake nafasi yenye hewa pungufu, na nafasi hiyo huurudisha moshi. Mlango ukiwa wazi, moshi huingia. Kufungua dirisha moja la mbele hakutoshi. Pengine huzidi kuuvuta.

Ili kutambua chanzo, tuangalie harufu huja wakati gani. Ikija motokari inaposimama huku mashine ikinguruma, yafaa kukagua mbele, mahali bomba linapoungana na mashine. Mlio wa tik-tik asubuhi, mashine ingali baridi, ni dalili ya moshi kupenya hapo, kisha huingia ndani kwa matundu ya hewa yaliyo chini ya kioo cha mbele. Ikija mwendoni tu, tukague nyuma: mpira wa mlango, matundu ya sakafu, na bomba lenyewe, ambalo mawe ya barabara zetu hulipiga kila siku. Harufu ya mafuta yanayoungua huenda ikaonyesha kwamba mafuta ya mashine yanadondokea bomba la moto.

Mkisikia harufu hiyo, simameni, zimeni mashine, watoeni watu wote. Mwenye kuumwa kichwa, kizunguzungu au kichefuchefu apelekwe hospitali apewe oksijeni, hasa mtoto na mama mjamzito. Tena tukumbuke kwamba sumu hiyo hiyo hutoka katika mbabula iwakayo ndani ya chumba kilichofungwa.

Wako wanaotundika medali ya Mtakatifu Kristofa mbele ya kioo, nao wanafanya vema. Lakini medali haizibi bomba lililotoboka. Amri ya tano yasema «Usiue», nayo yamhusu pia dereva ajuaye ubovu wa motokari yake na kunyamaza kwa kuogopa gharama za fundi. Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Nasi twaongeza kwamba ukuta hujengwa tena, bali mtoto aliyepotea hanunuliki kwa fedha yoyote. Basi kabla ya safari, baba wa jamaa asali, kisha ainame atazame chini ya motokari yake.