Kufunga kizazi bila kisu: bei ya kuweka na gharama ya kutoa

Mwaka 2019 Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba wanawake milioni 219 wa umri wa kuzaa walikuwa wamefunga kizazi, karibu mmoja katika kila wanne wanaotumia uzazi wa mpango wa aina yoyote duniani. Hakuna njia nyingine iliyofikia idadi hiyo. Karibu wote walipasuliwa, ama kwa mkato mdogo wa tumbo, ama kwa matundu ya kamera, ama humo humo kwenye upasuaji wa kujifungua. Ndiyo maana kampuni na madaktari wamehangaika kwa miongo mingi kutafuta namna ya kuifanya kazi hiyo bila kisu. Ukizifuata hesabu zao utakuta jambo moja likijirudia: bei inayotangazwa ni ya kuweka, na anayekuja kulipia kutoa ni mwanamke.

Mfano mkubwa ni Essure, iliyoruhusiwa na mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, Novemba 2002. Ilikuwa springi nyembamba ya nikeli na titani, yenye nyuzi za polista ndani, urefu wake karibu sentimita 4. Daktari aliipitisha ukeni na kwenye mlango wa kizazi kwa msaada wa kamera, akaiacha moja katika kila mrija. Nyuzi zile ziliuchokoza mrija mpaka ukajenga kovu na kuziba. Hapakuwa na mkato wala nusu kaputi, na mama alirudi nyumbani siku hiyo hiyo.

Kwa bei, ilivutia kweli. Uchambuzi wa mwaka 2005 nchini Marekani ulikuta kwamba kuiweka kliniki kuligharimu takriban dola 1,375, wakati kufunga mirija kwa matundu ya tumbo hospitalini kuligharimu takriban 3,449. Tofauti ni dola 2,074 kwa kila mwanamke. Meneja yeyote wa hospitali angeisaini.

Lakini kovu huchukua muda kukomaa. Mwanamke alitakiwa kutumia kinga nyingine kwa miezi 3, kisha arudi apigwe eksirei ya mirija kuthibitisha kwamba imeziba. Wengine springi hazikukaa vizuri mara ya kwanza, na wengine hawakurudi. Mwaka 2014 watafiti wa Marekani walizijumlisha hatua hizo zote kwenye modeli na kukadiria mimba za miaka 10: 96 kwa kila wanawake 1,000 waliochagua njia hii, dhidi ya 24 hadi 30 kwa waliofungwa kwa matundu. Asilimia 99 na zaidi ya mafanikio iliyokuwa kwenye matangazo iliwahusu waliofika mwisho wa safari. Huduma hupimwa kwa wote walioianza.

Mwaka uliofuata jarida la BMJ lilichapisha takwimu za jimbo la New York, wanawake 8,048 wa Essure na 44,278 wa matundu. Mimba za mwaka wa kwanza zilikaribiana. Waliolazimika kufanyiwa upasuaji mwingine ndani ya mwaka huo walikuwa asilimia 2.4 kwa Essure na 0.2 kwa matundu: 24 kwa kila 1,000, dhidi ya 2. Malalamiko yalihusu maumivu ya nyonga yasiyokoma, damu nyingi, springi iliyotoboa mrija au kuhama. Kuitoa mara nyingi kulimaanisha kukata mirija, na kwa baadhi kutoa kizazi chote. Mtu aliyeikimbia operesheni ndogo akaishia kwenye operesheni kubwa, na hilo linaniuma kila nikiziangalia namba hizi.

Bayer, iliyoinunua kampuni ya Essure mwaka 2013 kwa takriban dola bilioni 1.1, iliacha kuiuza Marekani mwishoni mwa 2018. Agosti 2020 ilitangaza kulipa takriban dola bilioni 1.6 kumaliza asilimia 90 ya madai karibu 39,000, bila kukiri kosa. Gawanya fedha hizo kwa seti zipatazo 750,000 zilizouzwa duniani kote, unapata kama dola 2,130 kwa kila seti. Ni kipimo cha mkono tu, maana madai yalikuwa ya Marekani na seti ni za dunia nzima. Hata hivyo linganisha na zile dola 2,074 zilizookolewa: akiba yote imemezwa, na bado hatujahesabu maumivu.

Kwa wanawake maskini jaribio lilikuja kwa sura nyingine. Daktari Jaime Zipper wa Chile alitumia kwinakrini, dawa ya zamani ya malaria. Vidonge 7 vidogo, jumla miligramu 252, vilisukumwa kwenye kizazi kwa kifaa cha kuwekea kitanzi, kisha vingine tena baada ya mwezi. Havikuhitaji chumba cha upasuaji wala daktari bingwa. Vietnam ilivitumia kwa wanawake 31,781, na duniani idadi ilipita 100,000, kabla vipimo vya sumu na saratani kukamilika. Mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani lilitaka majaribio kwa binadamu yasimame mpaka vipimo hivyo vikamilike, na India ikapiga marufuku mwaka 1998. Baadaye panya wa maabara waliopewa dozi kubwa walipata uvimbe wa saratani. Wanawake ndio waliotangulia, panya wakafuata.

Sasa kuna jaribio jipya. FemBloc ya kampuni ya Marekani Femasys, kimiminika kinachozibisha mirija, ilipata kibali cha Ulaya mwaka 2025, huku Marekani ikiwa bado kwenye majaribio. Kampuni inasema dutu hiyo huyeyuka na kutoka yenyewe. Swali la kuiuliza ni wangapi kati ya kila 1,000 wanaoanza watakuwa salama baada ya miaka 10, na nani atalipa kwa wasio salama.

Afrika Mashariki tumeegemea vijiti vya uzazi wa mpango vinavyowekwa mkononi kuliko kufunga kizazi. Nchini Kenya, utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta asilimia 19 ya wanawake walioolewa wakivitumia. Makubaliano yaliyoanza 2013 yalishusha bei ya Jadelle, nayo ya Bayer, kutoka dola 18 hadi 8.50 kwa nchi maskini. Kwa miaka 5 ya kazi, hiyo ni dola 1.70 kwa mwaka. Ni bei nzuri mno, na ulinzi wake unakaribia kabisa ule wa kufunga kizazi. Ila 8.50 ni bei ya vijiti peke yake. Kuvitoa kunahitaji ganzi, wembe safi, glovu na muuguzi anayejua kuvitafuta vikizama ndani ya mkono, na makubaliano yale ya bei yaliahidi seti milioni 27 kwa miaka 6. Halmashauri inayopanga bajeti ya kuweka vijiti 1,000 mwaka huu ipange na ya kuvitoa 1,000, pamoja na nauli ya muuguzi hadi zahanati ambako hakuna aliyefundishwa kazi hiyo.