Jina la Mtoto ni Deni la Baba

Nilipoleta habari nyumbani kwamba mke wangu amejifungua salama mtoto wa kiume hapa Bondo, majirani waliuliza kwanza hali ya mama, kama ilivyo ada. Swali la pili likawa, "Kazaliwa saa ngapi?" Maana kwetu Wajaluo saa ya kuzaliwa ni jina. Azaliwaye alfajiri huitwa Omondi. Wa jua kali ni Ochieng'. Wa jioni ni Odhiambo. Wa usiku ni Otieno. Akiwa msichana, herufi ya kwanza hugeuka, akawa Amondi, Achieng', Adhiambo au Atieno. Pacha huitwa Opiyo na Odongo, na anayewafuata ni Okello. Wangu alizaliwa usiku, mvua ikinyesha. Basi wengine wakasema Otieno, na wengine wakasema Okoth, yaani mtoto wa mvua.

Lakini jina la saa si mwisho wa shauri. Wazee husema kwamba marehemu wa ukoo huweza kumjia mtu katika ndoto, akitaka mtoto aitwe kwa jina lake. Tena mtoto akilia pasipo kukoma, hutajiwa majina ya waliotangulia, moja baada ya moja, na lile atakalonyamazia ndilo lake.

Usiku wa tatu mwanangu alilia sana. Mama yangu akampakata, akaanza kuyataja majina. Alipofika kwenye jina la babu yangu, mtoto akanyamaza kimya. Sote tukafurahi, hata mimi nisiyependa kuamini upesi. Ndipo nilipomgusa kipaji, nikaona ni cha moto kama jiwe la jikoni. Kumbe ukimya ule haukuwa wa kuridhika, ulikuwa wa kuishiwa nguvu.

Kwa desturi mtoto wa kiume hukaa ndani siku nne, na wa kike siku tatu, kabla ya kutolewa nje. Mama akasema siku hazijatimia. Nikamjibu, "Nisamehe mama, homa haihesabu siku." Akanitazama kitambo, kisha akamfunika mjukuu wake kwa shuka, akasema, "Mpeleke, mwanangu. Hata babu yako hataki jina lisilo na mtu." Tukapanda pikipiki gizani, mimi na mke wangu na mtoto. Daktari alisema kwamba mtoto mchanga mwenye homa hangojewi mpaka kupambazuke. Jina alikuwa amelipata. Uhai nusura aukose.

Tangu siku ile nimefahamu kwamba kumpa mtoto jina ni kukubali deni. Bondo yetu ina mfano mkubwa wa jambo hili. Marehemu Jaramogi Oginga Odinga, mzaliwa wa Sakwa, alibatizwa Obadiah Adonijah. Baadaye aliyaacha majina hayo, akasema Mwafrika aweza kuwa Mkristo kwa jina la baba zake. Wanawe walipotakiwa kubatizwa, alishika kwamba wapewe majina ya Kiafrika matupu. Upande wa kanisa ulipinga, naye hakurudi nyuma. Habari hiyo ameieleza katika kitabu chake cha mwaka 1967, Not Yet Uhuru. Mmoja wa watoto wale, aliyezaliwa Maseno tarehe 7 Januari 1945, ndiye Raila Amolo Odinga, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Kenya tangu 2008 hata 2013, na ambaye alizikwa hapa Bondo mwezi wa Oktoba 2025.

Naye Raila alipopata mwana, mwaka 1973, alimwita Fidel Castro kwa kumheshimu kiongozi wa Kuba, na Odhiambo kwa desturi ya nyumbani. Baba alikataa jina la kigeni, mwana akalichagua. Lakini kila mmoja alikuwa na sababu ambayo angeweza kumweleza mtoto wake atakapouliza. Mzazi asiye na sababu atajibu nini?

Yafaa basi tuyaangalie mambo ya ofisini pia. Sheria ya Kenya yataka kuzaliwa kwa mtoto kuandikishwe kabla ya miezi sita kupita. Jina likibadilika, mzazi ana miaka miwili baada ya kuandikisha ya kuomba lirekebishwe katika daftari. Usiondoke mezani kwa karani kabla ya kusoma herufi zote: Ochieng' asiye na alama yake ya mwisho hutamkwa vingine, na vyeti visivyolingana vitamsumbua akiwa mtu mzima. Tena mwezi wa Mei 2016 Mahakama Kuu iliamua kwamba mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa asinyimwe jina la baba yake katika cheti. Mwanamume asidhani kwamba kutooa kumemfutia deni.

Nanyi ndugu zangu makarani na wote mlioajiriwa, sheria ya kazi ya mwaka 2007 yampa baba likizo ya majuma mawili yenye mshahara kamili. Majuma hayo si ya kupokelea pongezi sokoni. Ni ya kuchota maji, kufua nepi, kukesha ili mama alale, kufunga chandarua vema, maana pwani hii ya ziwa ina malaria nyingi, na kuzikumbuka tarehe za chanjo, ya majuma sita, kumi na kumi na manne.

Mwanangu sasa ni mzima. Katika cheti chake yameandikwa majina mawili: Okoth, kwa ajili ya mvua ile, na jina la babu yangu. Mama yangu humwita kwa la pili, na kila amwitapo, hunyosha mkono kwanza akampapasa kipaji.