Mtoto Asiyesema: Tulipe au Tungoje?

Ndugu wafanyakazi, wenzetu wa mashamba ya chai hapa Uganda hutuuliza: mtoto ametimiza miaka miwili na haunganishi hata maneno mawili; je, tukope tumlipe mtaalamu wa tiba ya usemi?

Twasema, kwanza masikio. Asiyesikia hujifunza kusema kwa shida kubwa, basi apimwe hospitali ya rufaa kabla shilingi haijatoka mfukoni. Kumkata kimeo hakumfundishi mtu kusema. Huleta damu na vidonda. Wala msilaumu Kikiga, Kinyarwanda na Kiswahili kusemwa pamoja kambini: lugha nyingi hazimfungi mtoto ulimi.

Wataalamu hawa ni wachache. Makerere ilianza kuwafundisha mwaka 2008 tu. Ukiamua kulipa, uliza cheti, kisha akufundishe wewe mzazi mazoezi ya kila siku nyumbani, urudi baada ya majuma kadhaa. Anayekuacha nje ya mlango na kutaka fedha kila juma, huyo mwacheni.

Ruhusa ya kliniki bila kukatwa mshahara tutaidai katika mkataba. Mwambieni mwakilishi wa tawi mlikatwa siku ngapi.