Zamu 2,250 kwa dakika: jinsi meli zinavyosemezana bila msimamizi

Swali limetoka kwa fundi wa simu wa Kawangware. Mteja wake ana mashua ya tanga iliyofungwa Kilifi, na anataka afungiwe AIS, kifaa cha redio kinachosaidia vyombo visigongane baharini. Fundi hajawahi kushika kifaa cha namna hiyo. Anauliza kipi kinunuliwe, na kinafanyaje kazi.

Swali lenyewe si geni kwa Nairobi. Bwawa la Nairobi, linalopakana na Kibera, lilijengwa mwaka 1953, na kwa miaka mingi wapenzi wa tanga walikuwa na klabu yao hapo na kushindana juu ya maji hayo. Mchanga, majitaka na magugu maji vikaumaliza mchezo huo. Siku hizi mkazi wa Nairobi anayetaka kutweka tanga huenda Naivasha, ambako hakuna meli na AIS haina kazi kubwa, au hushuka pwani. Huko pwani mambo ni mengine, kwa sababu mashua ya Kilifi ikitoka nje ya mwamba tu inaweza kukutana na meli ya makasha iliyotoka bandari ya Kilindini au inayoelekea huko.

Kifaa chenyewe ni redio ya VHF inayotangaza bila kuguswa: namba ya chombo, jina lake, mahali kilipo, kasi na mwelekeo. Mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, SOLAS, unazitaka meli za tani 300 na zaidi zinazosafiri kimataifa, pamoja na meli za abiria, ziwe nacho. Tarehe ya mwisho ya kukifunga ilikuwa Desemba 31, 2004. Mashua ya starehe hailazimishwi.

Ajabu ya AIS iko katika foleni yake. Dunia nzima hutumia chaneli mbili tu, megahezi 161.975 na 162.025. Karibu na bandari kubwa huwa kuna mamia ya vyombo, vyote vikisema kwenye chaneli hizo hizo mbili, na hakuna mnara wala ofisi inayoviambia nani aanze. Vyombo viwili vikisema kwa pamoja, sauti zinavurugana. Inakuwaje basi visikike?

Kila dakika, katika kila chaneli, imekatwa vipande 2,250 vilivyo sawa. Hapa vitaitwa zamu, maana neno hilo limebeba wakati na haki ya mtu kwa pamoja. Zamu moja ni chini kidogo ya sehemu 27 kati ya elfu moja za sekunde, muda unaotosha kupitisha biti 256. Ndani yake meli inamaliza taarifa yake ya mahali na kunyamaza. Saa ya kukatia zamu hizo inatoka kwenye setilaiti za GPS, kwa hiyo meli ya Mombasa na meli ya Singapore zinaanza dakika yao kwa pamoja, ingawa hazisikiani. Mwishoni mwa zamu huachwa biti 24 za akiba, kwa kuwa mawimbi nayo yana mwendo: yakitoka kilomita 30 yanachelewa sehemu moja ya elfu kumi ya sekunde.

Mkazi wa Kibera anaijua foleni hii. Asubuhi, kwenye kibanda cha maji, mitungi ya lita 20 imepangwa mstari na wenyewe hawapo; mmoja anakoroga uji, mwingine anamvalisha mtoto sare. Mtungi unamshikia mwenyewe nafasi, na kila anayefika anaiona mitungi iliyotangulia na kuweka wake penye upenyo. Meli kubwa zinafanya hivyo hasa. Kila inapotangaza mahali ilipo, taarifa hiyo inataja pia zamu itakayotumia tena. Meli nyingine zikisikia huiandika zamu hiyo kwenye ramani zao za foleni na kuikwepa. Baada ya dakika chache mwenye mtungi huuhamishia upenyo mwingine, ili wawili waliojikuta wamepanga mahali pamoja bila kujua wasiendelee kugombana siku nzima.

Mashua ndogo mara nyingi hutumia njia ya yule aliyekuja na kikombe bila mtungi. Haiweki nafasi. Inapofika wakati wake wa kusema hutega sikio mwanzoni mwa zamu. Ikikuta kimya, inasema haraka, na ikisikia mtu, inangoja zamu nyingine.

Na foleni ikijaa? Hapo ndipo mfumo unapopendeza zaidi. Meli ikikosa zamu tupu inaruhusiwa kuchukua ya chombo kilicho mbali kuliko vyote inavyovisikia. Wawili hao sasa wanasema kwa pamoja, lakini kwa namna mawimbi haya yanavyopokelewa, sauti yenye nguvu huifunika dhaifu, na mwenye nguvu kwa kawaida ni aliye karibu. Msongamano ukizidi, kinachopungua ni umbali wa kusikia. Jirani anaendelea kusikika, naye ndiye anayeweza kukugonga. Mhandisi wa Uswidi Håkan Lans ndiye anayetajwa zaidi kwa kuzaa wazo hili la foleni inayojipanga yenyewe.

Sasa fundi aende dukani. Vifaa ni vya aina tatu. Cha kwanza hupokea tu, na ndicho rahisi kwa bei. Cha pili ni cha daraja B chenye wati 2, kile cha kikombe, kinachotangaza kila sekunde 30 mashua ikiwa safarini. Cha tatu ni cha daraja B chenye wati 5, kinachoweka mtungi wake kama meli kubwa na kutangaza mara nyingi zaidi chombo kikienda kasi. Daraja A la wati 12.5 waachiwe wenye meli.

Cha kupokea tu kiachwe. Mwaka 2017 manowari mbili za Marekani, USS Fitzgerald karibu na Japani na USS John S. McCain karibu na Singapore, ziligongana na meli za biashara, wakafa mabaharia 17. Wakati huo manowari hizo hazikuwa na desturi ya kujitangaza kwa AIS; baada ya ajali, jeshi la majini la Marekani liliagiza zijitangaze kwenye njia zenye msongamano. Mashua ya Kilifi haina siri za kivita, hivyo haina sababu ya kusikiliza bila kusikika.

Kati ya daraja B mbili, mwendo uamue. Mashua inayokwenda maili 6 za baharini kwa saa husogea mita 93 hivi ndani ya sekunde 30, na wati 2 zinaitosha. Boti ya kuvulia samaki yenye injini mbili ipewe wati 5.

Pesa itakayobaki iende kwenye antena. Mawimbi haya hayapindi sana kuifuata dunia, kwa hiyo urefu wa antena unazidi wati. Antena ya mita 12 mlingotini na ya meli iliyo mita 35 juu ya maji zinaonana kwa kilomita 38 hivi. Ya mashua ikishushwa hadi mita 2, zinabaki kilomita 30. Fundi asije akaunganisha nyaya za AIS na za redio ya VHF kwenye antena moja kwa kuzifunga tu pamoja: redio hiyo hutuma wati 25 na itaiunguza AIS. Ama antena ziwe mbili, ama kinunuliwe kigawanyio kilichotengenezwa kwa kazi hiyo. Antena ya GPS iwe mahali inapoona anga.

Namba ya chombo ambayo AIS huitangaza, iitwayo MMSI, ina tarakimu 9, na kwa chombo cha Kenya huanza na 634. Iulizwe kwa Mamlaka ya Mawasiliano kabla ya kuwasha kifaa, kwa kuwa vifaa vingi huikubali mara moja tu. Ikikosewa, kinarudi kwa muuzaji.

Ngalawa na dau za wavuvi karibu zote hazina AIS, kwa hiyo usiku macho yabaki majini.

Lililobaki ni kengele. Kifaa, kikiunganishwa na skrini ya ramani, hukokotoa vyombo viwili vitakaribiana kiasi gani na baada ya dakika ngapi. Nje ya mwamba wa Kilifi, kuiweka kengele ilie kwa maili moja ya baharini na dakika 20 ni mwanzo mzuri. Ndani ya hori, penye mashua nyingi zilizotia nanga, namba hizo zipunguzwe. Kengele ikilia kila dakika mbili, nahodha ataizima, na ataisahau hivyo hivyo siku ya kutoka nje.