Gitaa la Umeme Huzaliwa Shingoni

Mtu anayeagiza gitaa la umeme kwa fundi huanza, karibu kila mara, kwa kuuliza aina ya mbao na rangi. Maswali hayo ni halali, ila mimi huyaweka nyuma. Kwanza nataka kujua shingo itakuwaje: imenyooka kiasi gani, freti zake, yaani vipande vyembamba vya chuma vinavyokatiza ubao wa vidole, zimekaa wapi, na mkono wa mpigaji utaionaje baada ya saa tatu jukwaani.

Ushahidi mzuri uko Uingereza. Mwaka 1963 kijana wa miaka 16, Brian May, hakuwa na fedha za kununua gitaa alilolitamani. Yeye na baba yake Harold, aliyekuwa fundi wa mambo ya elektroniki, wakaamua kulitengeneza wenyewe nyumbani, kazi iliyowachukua takriban miaka miwili. Shingo waliichonga kutoka mahogani ya meko kuukuu, na matundu ya wadudu wakayaziba kwa njiti za kiberiti. Ndani ya kiwiliwili waliweka vipande vya mwaloni wa meza ya zamani. Springi za kifaa cha kuyumbisha sauti zilitoka kwenye vali za pikipiki, na alama nyeupe za shingoni zilikuwa vifungo vya nguo kutoka kwenye vifaa vya ushonaji vya mama yake Brian. Gitaa hilo, Red Special, ndilo alilolipiga katika bendi ya Queen, nyuma ya sauti ya Freddie Mercury, mzaliwa wa Unguja.

Mbao za meko na meza ziliwezaje kutoa sauti iliyojaza viwanja? Gitaa lisilo la umeme hutegemea ubao wa kifuani utetemeke na kusukuma hewa. La umeme halihitaji hivyo. Chini ya nyuzi kuna pikapu, yaani sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba wa shaba maelfu ya mara. Uzi wa chuma ukitikisika juu yake, uga wa sumaku hubadilika na umeme mdogo huzaliwa ndani ya waya, kisha amplifaya huukuza. Funga nyuzi za nailoni kwenye gitaa hilo, pikapu haitasikia kitu. Mbao zina mchango wake, hasa katika muda ambao sauti hudumu, lakini sikubaliani na wanaolipia ubao wa bei kubwa kwa kiwiliwili huku wakibana fedha za shingo.

Hesabu ya shingo haina huruma. Red Special ina urefu wa uzi wa inchi 24, sawa na milimita 609.6, kutoka mpakani mwa kichwa hadi darajani, pale nyuzi zinapokalia kiwiliwili. Ili kila freti ipandishe sauti kwa hatua moja sawa, urefu uliobaki hugawanywa kwa 17.817 kila mara, na jibu ndilo umbali hadi freti inayofuata. Freti ya kwanza hukaa milimita 34.2 kutoka mpakani, ya pili milimita 32.3 mbele yake, na nafasi huzidi kubana mpaka ya 12 iangukie katikati kabisa, milimita 304.8. Fundi makini hapimi kutoka freti moja hadi nyingine, maana makosa madogo yatarundikana. Hupima zote kutoka mwanzo uleule. Kosa la nusu milimita karibu na kichwa ni dogo kwa sikio. Nusu hiyohiyo kwenye freti ya 20, ambako uzi uliobaki ni mfupi, mpigaji wa solo ataisikia.

Kisha kuna mvuto. Nyuzi sita za unene wa kawaida huivuta shingo kwa zaidi ya kilo 40, mchana na usiku. Ndiyo maana ndani yake hulazwa nondo nyembamba ya chuma inayokazwa kwa spana. Kusudi lake si kuinyoosha shingo kama rula. Uzi ukipigwa huyumba zaidi katikati, hivyo shingo hutakiwa kubonyea kidogo mno, kama robo ya milimita hivi katika eneo la freti ya saba, ili uzi usigonge chuma.

Kazi inayotenganisha mafundi ni kusawazisha freti, na hapa sipendi haraka. Weka rula fupi ya chuma juu ya freti tatu. Ikiyumba, ya katikati imepanda. Paka wino juu ya freti zote, kisha pitisha tupa bapa kwa urefu wa shingo, polepole. Palipobaki wino ni bondeni, tupa haijafika. Endelea hadi wino uguswe kote, halafu rudisha mviringo wa kila freti mmoja mmoja kwa tupa ndogo, umalizie kwa msasa laini. Pembe nazo zilainishwe. Freti yenye ncha kali humchana mpigaji vidole.

Mafundi wa kwetu wana mbao nzuri kwa kazi hii. Mninga ukikaushwa vizuri hautikisiki sana unyevu unapobadilika, na mpingo, mzito hata kuzama majini, hufaa sana kwa ubao wa vidole. Ila vumbi la mpingo huwasha ngozi na kudhuru mapafu, kwa hiyo barakoa ni lazima. Tangu Januari 2017 mpingo umo pia kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, na magogo au mbao zake zikivuka mpaka huhitaji kibali.

Ukiagiza, mwambie fundi akuoneshe shingo kabla haijapakwa rangi. Ishike, telezesha kiganja, iangalie kwa jicho moja kutoka kichwani. Nyuzi zikishafungwa, mwachie gitaa siku kadhaa, kisha airekebishe ile nondo tena, kwa kuwa mti huchukua muda kuuzoea mzigo.