Kompyuta ya Gemu kwa Bei ya Ofa: Fungua Ubavu Kwanza

Tangazo huja hivi: Core i7, RAM ya GB 16, SSD ya GB 512, kadi ya michoro ya GB 4, kioo ubavuni, taa za rangi, bei ilikuwa 85,000 sasa ni 55,000. Bei hizo ni za mfano tu, lakini mtindo ni ule ule, uwe umelikuta dukani Oginga Odinga Street hapa Kisumu au limekufikia kwa simu kutoka Nairobi. Mara nyingi kila kilichoandikwa pale ni kweli. Yaliyoachwa ndiyo yanayoamua kama mashine inastahili pesa zako.

Nyingi ya mashine hizi zilianza maisha ofisini, Uingereza au kwingineko Ulaya, zikiwa HP EliteDesk au Dell OptiPlex. Zimefika hapa kama Ex-UK, zikatiwa kadi ya michoro, pengine zikahamishiwa kwenye kasha jipya. Sababu mojawapo ya kuwa nyingi hivi ni Microsoft: Windows 10 ilikoma kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi haikubali prosesa za Intel zilizo chini ya kizazi cha 8, isipokuwa chache sana. Ofisi za huko ziliondoa mashine ambazo bado zinawaka vizuri. Sina ubaya na mashine ya ofisi. Nyingi zimeundwa kwa uimara ambao kasha la taa halina. Ninachokataa ni kuilipia bei ya mashine mpya.

Kwa hiyo usiishie kwenye herufi na tarakimu ya kwanza. Baada ya i7 kuna namba nyingine, na hiyo ndiyo ya kuuliza. i7-4770 ni ya kizazi cha 4, ilitoka 2013. i7-8700 ni ya kizazi cha 8. i3-12100, iliyotoka 2022, ina koa nne kama ile i7-4770, na inaiacha mbali kwa kasi ingawa jina lake linasikika dogo. Muuzaji anayekuandikia "Core i7" bila kutaja namba inayofuata, mwombe picha ya skrini yenye jina kamili la prosesa. Na kama amekuwekea Windows 11 kwa njia ya mkato kwenye mashine ya zamani, ujue kuna gemu zitakazokataa kufunguka. Valorant, kwa mfano, kwenye Windows 11 hudai TPM 2.0 na Secure Boot, kinga za usalama ambazo njia hiyo ya mkato huziruka.

Sasa tufike pale ninapoona watu wakiumia zaidi: pawa saplai. Hakuna tangazo linaloitaja. Sloti inayopokea kadi ya michoro hutoa wati 75 basi, na kadi inayohitaji zaidi ya hapo lazima ipate waya wake kutoka kwa pawa saplai. OptiPlex 7010 ya kasha kubwa ilitoka kiwandani na pawa saplai ya wati 275. GTX 1050 Ti ya kawaida, inayotumia wati 75, itakaa humo bila taabu. RX 580 yenyewe imekadiriwa wati 185, na mtu anayeilazimisha humo kwa kuunganisha waya za adapta anakuuzia mashine itakayozimika katikati ya mechi, au siku moja itoe harufu ya plastiki inayoungua. Kubadilisha mara nyingi si rahisi pia, kwa sababu mashine nyingi za HP na Dell hutumia viunganishi vya aina yake, kwa hiyo pawa saplai ya kawaida ya dukani haiingii bila kibadilishio. Mwambie fundi afungue ubavu mbele yako, usome wati kwenye kibandiko, ufuate kila waya hadi unapoishia.

Kadi yenyewe nayo ichunguzwe. Kuna kadi za mwaka 2010, aina ya GTS 450, zilizoandikwa upya programu yake ya ndani ili zijitambulishe kama GTX 1050 Ti. Programu ya bure iitwayo GPU-Z imekuwa ikizifichua kadi bandia za NVIDIA tangu 2018, na kuiendesha ni jambo la dakika moja. RX 580 nazo si sawa zote: ile ya asili ina viini 2304, na iko nyingine yenye 2048 inayobeba jina hilo hilo. Jua pia kwamba sarafu ya kidijitali ya Ethereum ilipoacha kuchimbwa kwa kadi za michoro, Septemba 2022, kadi nyingi zilizokuwa zimefanya kazi usiku na mchana ziliingia soko la mitumba. Kadi ya namna hiyo si lazima iwe mbovu, ila feni zake zimezunguka sana. Zisikilize.

Ili kujua kama punguzo ni la kweli, isahau ile bei iliyokatwa kwa mstari. Chukua kalamu, tafuta bei ya leo ya kila kipande kikiuzwa peke yake katika hali hiyo hiyo ya mtumba, kisha ujumlishe. Tangu mwishoni mwa 2025 bei ya RAM imepanda sana duniani, kwa kuwa viwanda vinaelekeza uzalishaji kwenye vituo vya data vya akili bandia. Hivyo mashine yenye GB 16 za DDR4 au DDR5 kwa bei ya zamani inaweza kuwa nafuu kweli, na hapo nakushauri usichelewe. Lakini GB 16 za DDR3 hutaweza kuzihamishia kwenye ubao mpya. Tangazo husema "RAM 16" kwa zote mbili.

Halafu kuna mambo ya huku kwetu. Upepo wa ziwa husukuma mawingu kuelekea Nandi na Kericho mchana, na ukanda huu ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi duniani. Watu huchomoa waya wa umeme mvua ikianza, wakasahau ule wa intaneti unaotoka kwenye ruta. Chomoa zote mbili. Umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo, pawa saplai ya bei rahisi ndiyo huumia kwanza, basi weka bei ya UPS kwenye hesabu yako tangu mwanzo. Na kama unaishi karibu na maji, Dunga, Usoma au Mbita, wale wadudu wadogo wa ziwa wanaopanda kama moshi hufuata mwanga. Kasha la taa lenye matundu wazi litawakusanya kwenye feni. Afadhali kasha lisilo na taa, lenye chujio unaloweza kulitoa na kulipangusa.

Kabla ya kulipa, cheza gemu nzito dukani kwa nusu saa huku joto likionekana kwenye skrini. Dai risiti yenye namba kamili ya prosesa na jina la kadi, pamoja na muda wa waranti. Ujumbe wa M-Pesa huthibitisha ulilipa, hausemi ulinunua nini. Mambo yakiharibika, Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, nawe unaweza kusimama mwenyewe bila wakili.

Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Maseno au cha Jaramogi Oginga Odinga kule Bondo, anayetaka kazi za darasa na GTA V ya 2015, anaweza kufurahia mashine ya ofisi yenye 1050 Ti, mradi alipe bei ya mashine ya ofisi. Anayetaka soka la EA akumbuke kwamba tayari kwa FC 24 kiwango cha chini kilikuwa i5-6600K na kadi hiyo hiyo. Anayetaka kufungua chumba cha gemu Kondele apige hesabu ya tokeni pia: mashine ya wati 250 humaliza yuniti moja kila saa nne. Na yeyote anayeagiza kutoka Nairobi kwa basi amwombe muuzaji aitoe kadi ya michoro kwenye sloti, aifunge peke yake kwa sponji, kwa maana matuta ya njiani huivunja sloti hata kasha likifika bila mkwaruzo.